Mnaoanza kusoma Waetruski, anzeni makaburini

Wadogo zangu mnaoingia kwenye historia ya kale ya Italia, mtaambiwa mapema kwamba Waetruski, watu wa Italia ya kati kabla ya Warumi kuitawala, ni watu wa mafumbo na maandishi yao hayasomeki. Msikubali. Kusomeka yanasomeka: alfabeti waliitoa kwa Wagiriki, wakaiandika kwa kawaida kutoka kulia kwenda kushoto, na sauti za herufi zake zinajulikana. Tatizo ni maana, kwa kuwa lugha yenyewe haina undugu na Kilatini wala Kigiriki, na vitabu vyao karibu vyote vimepotea. Andiko refu kuliko yote lililobaki liliokolewa na bahati tu: kitambaa chake kilichanwa vipande kikafungiwa maiti huko Misri, na leo kimehifadhiwa Zagreb, Kroatia.

Yaliyobaki kwa wingi ni maandishi mafupi, maelfu, mengi ya makaburini. Anza na hayo. Yana mtindo wake: jina la marehemu, ukoo, baba, mara nyingi na mama, pengine cheo na umri. Ukishashika maneno machache kama clan (mwana wa kiume), sec (binti), puia (mke) na avil (miaka), jiwe zima linaanza kufunguka. Yanakili kwa mkono. Picha ya simu haimfundishi mtu herufi.

Ni huko makaburini pia utakakopata dawa ya umbea. Theopompus, Mgiriki wa karne ya 4 KK, aliandika kwamba wanawake wa Kietruski hawana haya, wanakula karamu na wanaume wasio wao. Wanafunzi hupenda sana kumnukuu, maana ananoga. Kabla hujafanya hivyo, litazame jeneza la udongo wa kuchoma kutoka Cerveteri, la mnamo 520 KK, lililopo makumbusho ya Villa Giulia, Roma. Mke na mume wameegemea kitanda kimoja cha karamu, mkono wa mume begani kwa mkewe. Kwa Wagiriki, mke wa heshima hakuonekana kwenye karamu za wanaume. Kwa Waetruski alikaa hapo waziwazi, na kaburini akaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Theopompus anatufundisha zaidi kuhusu Ugiriki.

Mjadala wa asili ya Waetruski usikule muhula mzima. Kati ya waandishi wa Kigiriki, Herodotus alisema wametoka Lydia, huko Anatolia (Uturuki ya leo), Dionysius wa Halicarnassus akasema ni wenyeji wa Italia. Utafiti wa DNA ya mifupa yao uliochapishwa 2021 haukuona dalili ya uhamiaji wa karibuni kutoka Anatolia.

Mwisho, mabamba matatu ya dhahabu ya Pyrgi, bandari ya kale ya Waetruski, yaliyofukuliwa 1964: mawili ya Kietruski, moja la Kifoinike (lugha ya wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo), yakimtaja Thefarie Velianas, mtawala wa Caere, ndiyo Cerveteri ya leo. Wengi huyakimbilia kama kamusi. Matini ya Kifoinike hailingani neno kwa neno na ya Kietruski, kwa hiyo yaache hadi uwe umezoea mawe.