Kabla ya Kumpa Upanga, Mpe Deni

Kijana mmoja alikuja kwenye kikao chetu cha Jumamosi cha mchezo wa kuigiza hadithi, Tudor, hapa Mombasa, baada ya Laasiri, na karatasi ya mhusika atakayemchezea, aliyokuwa ameiandaa wiki nzima. Mhusika wake alikuwa elfu. "Elfu ngapi?" akauliza mwenzetu mmoja, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika mkekani. Yeye hakucheka. Alimaanisha wale watu wa hadithi za Ulaya, warefu, masikio yamechongoka, wanaoishi msituni kwa mamia ya miaka na wasiokosa shabaha. Wake alitoka katika msitu wa mbali wenye theluji mwaka mzima.

Ulimwengu wangu hauna theluji. Una visiwa vya mawe ya matumbawe, masultani watatu wasioamkiana, majini yenye tabia za wanadamu, na pepo mbili, Kaskazi na Kusi, zinazoamua nani afike lini.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kuendesha mchezo huu, mliokwisha kuchora ramani yenu na sasa mnangoja wachezaji waje waivuruge. Kwa asiyeujua: tunaketi watu watano au sita, mmoja anausimamia ulimwengu na kuusimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake na ndiye anayemsemea. Penye shaka, dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa dukani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Yule msimamizi ana majina mengi. Sisi humwita nahodha, maana yeye ndiye anayelaumiwa chombo kikipanda mwamba.

Zamani ningemjibu yule kijana kwa ukali: hapa hakuna elfu, chagua kitu kingine. Nilishafanya hivyo. Dada mmoja alitaka kucheza mganga, na katika ulimwengu niliokuwa nao wakati ule masultani walikuwa wameupiga uganga marufuku. Kwa nini? Kwa sababu niliona inapendeza kwenye karatasi. Akakubali kuwa mlinzi wa lango. Alicheza vikao viwili, macho kwenye simu, cha tatu hakuja. Sikumlaumu, ingawa ilinichukua muda kuacha kumlaumu.

Baada ya hapo nikaruka upande wa pili, nikawa nakubali kila kitu. Nikapata meza yenye samurai, mtu wa chuma anayezungumza, na mwindaji wa mazimwi. Kila mmoja alikuwa mzuri peke yake. Lakini walitembea mjini kwangu kama watalii walioshuka melini asubuhi: Fort Jesus, picha, dafu, haya turudi chomboni. Sultani akiuawa wanauliza zawadi ni kiasi gani. Ukifika hapo jua ulimwengu wako umekuwa pazia la studio ya picha.

Kwa hiyo kwa huyu wa elfu nilifanya jambo la tatu. Nikamuuliza, "Hebu niambie, kwa huyu mtu wako, ni kitu gani hasa unachokipenda?"

Akafikiri. "Anaishi sana, kaka. Anakumbuka mambo ambayo watu wote wameyasahau. Halafu hakai na watu."

Hakutaja theluji. Masikio pia hakuyataja. Hii ndiyo kazi yenyewe, na kama hutabeba kingine katika maneno yangu, beba hili: mchezaji huja na kitu kimoja anachokitaka, amekivisha nguo alizoziona mahali pengine. Nguo zinabadilika. Usimnyang'anye kitu.

Tukatazama ramani pamoja. Wapi katika pwani yangu watu wanaweza kukaa miaka mingi bila kuonekana? Mikokoni. Pale maji yanajaa na kutoka mara mbili kwa siku, matope yanameza mguu, na asiyepajua hapiti. Tukawaita Wakandaa. Kisha nikakumbuka boriti. Nyumba zetu za kale zina vyumba vyembamba kwa sababu dari yake hubebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mti huo haivuki upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Boriti hizohizo ndizo zilizokuwa zikipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Nikamwambia: kila boriti iliyokatwa katika ulimwengu huu ni mtu wenu aliyelala.

Alinyamaza. Baadaye, katika kikao cha kwanza kabisa, kundi likaingia nyumba ya tajiri kuomba chombo. Wenzake wanaamkia, wanavua viatu. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akasema, "Naangalia dari. Nahesabu." Chumba kizima kikawa kimya. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya tajiri yule ukurasa mzima. Sikuyatumia hata nusu.

Angalia pia kwamba katika karatasi yake sikugusa hata tarakimu moja. Nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Katika kanuni za zamani kila moja ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za pande sita, kwa hiyo kuanzia 3 hadi 18. Kanuni hizo hazijui theluji wala mikoko. Mpigamishale mwepesi ni mpigamishale mwepesi. Wengi wanaoanza hudhani kumwingiza mhusika katika ulimwengu mpya ni kuandika kanuni mpya, wakakesha bure.

Sasa mayatima. Sijui ni kitu gani, lakini mpe mtu karatasi kwa mara ya kwanza, atakuandikia yatima. Kijiji kilichomwa moto, wazazi waliuawa, yeye peke yake akabaki na upanga wa baba. Niliwahi kuwa na meza ya watu watano, mayatima wanne. Niliwacheka, mpaka mmoja akaniambia ukweli: kwenye meza aliyocheza kabla, nahodha alimuua mama yake katika dakika kumi za kwanza ili apate hasira ya kuanzia safari. Sasa mtu akishaumwa na nyoka hivyo, akiona ung'ongo si atashtuka? Ndiyo maana siku hizi natoa ahadi mapema, mbele ya wote: jamaa zako siwaui wala siwageuzi wasaliti bila kukuuliza kwanza. Ukiisema hiyo, utaona ndugu, mashangazi na wajomba wanaanza kutokea kwenye karatasi wenyewe.

Historia ndefu siitaki. Kuna aliyeniletea kurasa sita, na mambo yote mazuri yalikuwa yameshatokea. Mimi nauliza matatu tu. Nani anamdai mhusika wako? Nani akimwona humwita kwa jina la utotoni? Na ni mlango gani hapa mjini hawezi kuupita?

La deni ndilo linalofanya kazi kuliko yote. Yatima mmoja, askari wa kukodiwa, mkali, haongei, alijibu kwa kunipuuza: "Nadaiwa na bibi wa mahamri." Haya. Deni la nini? "La mahamri na mbaazi. Kila asubuhi, mwaka mzima." Nikaandika.

Kikao cha nne wanafukuzwa na walinzi wa sultani usiku, vichochoro vimekwisha, mmoja wao anatokwa damu. Yule askari akasema mwenyewe, bila mimi kumkumbusha, "Kwa bibi." Wakagonga. Nikamsemea bibi kupitia ufa wa mlango: "Umekuja kula au umekuja kulipa?"

Akachukua dadu ya pande 20 kujaribu kumbembeleza. Nikamwambia anahitaji 15 au zaidi. Ikaanguka 6. Nahodha mgeni hapo angefunga mlango, na hadithi ingekufia kichochoroni. Bibi aliwafungulia. Ila aliwapa kinu, iliki, na unga wa kesho wote waukande mpaka alfajiri, na walinzi walipoingia na mienge yao waliwakuta watu wanne wenye unga mpaka viwikoni, na bibi akiwafokea. Walinzi wakanunua mahamri wakaenda zao. Mhusika yule hajawahi kuwa yatima tena tangu usiku ule.

Kuhusu wageni kutoka mbali, msiwakataze, lakini waonyesheni njia waliyojia. Kwangu mimi ni upepo. Kaskazi, kiasi cha Desemba hadi Machi, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, Kusi ikayarudisha. Nimeichukua kama ilivyo. Mchezaji akitaka kuwa mgeni nauliza: ulikuja na upepo gani? Kama ni Kaskazi, una miezi michache kabla chombo chako hakijaondoka, na kila mtu sokoni anajua hilo na bei zao zinajua pia. Kama sasa ni Kusi na wewe bado uko hapa, basi uliachwa. Nani alikuacha, na kwa nini? Kwa swali moja mgeni ameshapata kisa, na hakikutoka kwangu.

Kundi lisilofanana nalo lina dawa yake: wafungie mahali pamoja. Ngome ya Mombasa ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Waswahili wa Faza walikuwamo pia wakiitetea. Watu wa namna hiyo hawaulizani "tumefahamianaje?" Wanaulizana maji yamebaki kiasi gani. Tumewahi kuanza safari hivyo, na sikuhitaji ile hadithi iliyochakaa ya watu watano kukutana mkahawani.

Habari za ulimwengu zenyewe zipunguzeni. Mimi niliwahi kuandika kurasa 40, masultani na baba zao, na nikawagawia. Hakusoma mtu. Siku hizi natoa ukurasa mmoja, na nimeazima mpango wa Thenashara Taifa, yale makundi kumi na mawili ya Waswahili wa hapa Mvita: mataifa tisa upande mmoja, matatu upande wa pili. Kwangu yako sita, kila moja mstari mmoja: wanafanya kazi gani, wanajivunia nini, hawali na nani. Mchezaji anachagua moja na hapohapo ana marafiki na maadui.

Na kuna anayetoka Likoni, ambaye feri humchelewesha kila mara. Mwanzoni mhusika wake alikuwa anafuata kimya nyuma ya kundi kama kivuli, kila mtu akimsahau. Tukaamua mlango wa bahari una jini anayetoza ushuru wa muda, na humshika amtakaye. Sasa akichelewa tunasema amekwama ng'ambo, na akifika lazima atuambie jini alimuuliza nini. Majawabu yake yamenipa karibu nusu ya yale ninayoyajua kuhusu bahari ile.

Ramani, acheni matundu. Mimi bado naona tabu. Mkono unawasha kujaza. Lakini mwezi uliopita yule Mkandaa aliniuliza, "Kaka, mmoja wetu akifa, maji hujaa au hutoka?" Sikuwa na jibu, nikampa kalamu. Akaandika kwamba maji hutoka na hayarudi kwa siku tatu. Kisha, kikao hichohicho, kabla ya Magharibi, mwenzao mmoja wa mikokoni akauawa. Mimi nilikuwa na merikebu ya sultani, askari mia mbili, ya kuingia bandarini usiku ule kuwakamata wote. Mpaka leo iko nje, imelala ubavu juu ya mchanga, na wachezaji wangu wanaiendea kwa miguu.