Kwa mnaoanza kazi kwenye majaribio ya dawa mseto za saratani ya utumbo mpana

Karibuni kazini. Dawa mseto zina swali linalorudi kila mara: dhara hili limeletwa na dawa ipi? Jibu linatoka kwenye saa na kipimo ulichoandika pale pale kitandani, wala si kwenye kumbukumbu ya jioni.

Mara nyingi dawa mpya huongezwa juu ya FOLFOX, mchanganyiko wa dawa za saratani unaorudiwa kila siku 14. Ndani yake kuna oxaliplatini, miligramu 85 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa saa 2. Ichanganywe na dekstrosi ya asilimia 5 tu. Isikutane na maji ya chumvi hata ndani ya mpira wa dripu, kwa kuwa kloridi huiharibu. Safisheni mpira kwa dekstrosi kabla na baada.

Dozi inatokana na urefu na uzito, basi mpimeni mgonjwa kila mzunguko, viatu na koti pembeni. Saratani hii hukondesha. Ukitumia uzito wa zamani utamzidishia dawa, kisha dawa mpya isingiziwe.

Ganzi ndiyo inayowachanganya wengi. Asubuhi za Juni na Julai hapa Moshi zina baridi, na mgonjwa atakwambia vidole vinamchoma akigusa maji ya bomba. Hiyo ni ya oxaliplatini, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Usiishie hapo. Akirudi kwa mzunguko mwingine muulize: shikamoo mama, vifungo vya gauni unafunga mwenyewe? Ganzi iliyodumu hadi siku hiyo na kumzuia kazi za mikono ni daraja jingine, yaani kiwango kingine cha ukali wa dhara, na itifaki, mwongozo wa jaribio, huenda ikataka dozi ipunguzwe.

Kuhara nako kuhesabiwe. "Anaharisha sana" haina daraja. Mara 4 hadi 6 kwa siku zaidi ya kawaida yake ni daraja la 2. Kuanzia 7 ni la 3. Mwenye mfuko wa kinyesi tumboni, angalieni ongezeko la kinachotoka.

Ulizeni pia kuhusu dawa za mizizi, bila kukaripia, maana akikaripiwa leo kesho ataficha.

Akilazwa hospitali nyingine, tuseme Rombo au Same, itifaki nyingi hutaka taarifa itumwe ndani ya saa 24 tangu kituo kipate habari. Msisubiri mjue dawa iliyosababisha. Tumeni mlichonacho, mengine yafuate kwenye taarifa ya nyongeza.