Homa ya Dengue Ikishuka, Msimwache Mgonjwa Peke Yake

Mwaka 2019, dengue, homa ya kirusi kinachoenezwa na mbu, ilipoenea Dar es Salaam, niliugua kwa muda wa wiki nzima, na kosa nililolifanya siku ya kwanza ndilo linalonisukuma kuandika. Kipimo cha malaria kilionyesha sina vimelea, lakini macho yaliniuma kwa ndani na mgongo ulikataa kunyooka, hivyo nikatoka duka la dawa na antibiotiki pamoja na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nikitaka kuizima homa usiku uleule.

Laiti ningalijua homa ile ilitoka wapi. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, hukutana na protini za ulinzi ambazo kazi yake ni kukagua RNA, yaani molekuli inayobeba maelekezo ya kijenetiki, na zikikuta ya kigeni, seli hutoa interferoni, kemikali iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, ambayo huzitahadharisha seli jirani zijiandae kukizuia kirusi kisizaliane. Kinga hii tunazaliwa nayo. Interferoni pamoja na kemikali nyingine za tahadhari ndizo hupandisha joto na kuleta maumivu ya mwili, kiasi kwamba wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa sindano za interferoni walipata homa na kuumwa viungo kama watu wenye mafua makali.

Dengue nayo ina mbinu zake. Protini yake iitwayo NS5 husababisha kuharibiwa kwa STAT2, protini inayofikisha ujumbe wa interferoni kwenye kiini cha seli, kwa hiyo seli iliyokwisha kuvamiwa hupigiwa mbiu na jirani zake isiisikie. Katika vita hivyo antibiotiki haina kazi, kwani hulenga bakteria. Diklofenaki ni hatari zaidi, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutokwa na damu wakati dengue yenyewe inapunguza chembe sahani zinazogandisha damu. Siku ya tatu nilipopiga mswaki nilitema mate mekundu, na dada yangu akanipeleka hospitali, ambako daktari alizisimamisha dawa zote mbili na kuniandikia parasetamoli.

Ninawasihi mzingatie hasa siku homa inaposhuka, ambayo mara nyingi huwa kati ya siku ya tatu na ya saba, kwa sababu ndipo maji ya damu yanapoweza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo, akitokwa na damu au akilegea kupita kiasi, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Mimi homa iliposhuka siku ya nne nilivaa shati niende kazini. Dada akasema, “Mdogo wangu, kaa chini,” akanimiminia dafu, na kwa siku tatu zilizofuata akawa anaandika daftarini kila kikombe nilichokunywa na kila mara nilipokwenda haja ndogo.