Skuta ya umeme au kiti mwendo? Kumpeleka Bi Mkubwa Disney World

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Houston, Marekani. Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tanga, na wajukuu wake wameshaamua kwamba mwezi wa Julai tunampeleka Disney World, zile bustani za michezo za Florida. Ana miaka 70, magoti yanamsumbua, ana sukari, anatembea na mkongojo lakini akifika kama mita 200 lazima akae. Tumkodishie skuta ya umeme, ile ya kukalia yenye usukani, au kiti mwendo cha kusukuma? Kuna rafiki anatuuzia skuta ya kukunja yenye betri ya lithiamu, 24V 20Ah. Tunaweza kupanda nayo ndege, na chaji itatosha kutwa nzima? Ni kweli kwamba mwenye kiti mwendo hapangi foleni? Mwenyewe anasema hakalii kiti cha wagonjwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, ila lililo kubwa kuliko yote hukuliuliza: Bi Mkubwa anaweza kuinuka kwenye kiti na kuhamia kiti kingine bila kubebwa? Hilo ndilo litakaloamua siku yenu, kuliko betri na kuliko bei ya kukodi.

Nitakueleza kwa nini. Kule kila mchezo umepangiwa masharti yake, na yameandikwa kwenye ramani na mlangoni. Sehemu nyingine, hasa kumbi za maonyesho, mtu anaingia na skuta yake na kukaa papo hapo. Nyingine skuta inaachwa nje, anapewa kiti cha kusukuma, na anapanda nacho. Mashua za "it's a small world" ziko hivyo, ipo ya kuingia na kiti. Nyingine lazima aache kiti kabisa na kukaa kwenye kiti cha mchezo. Na zipo zinazomtaka mtu atembee kwa miguu yake hatua kadhaa: Peter Pan's Flight, mchezo wa tangu 1971, abiria anakanyaga mkanda unaotembea na kupanda chombo ambacho hakisimami kumngoja. Wafanyakazi watakuelekeza kwa upole sana, lakini hawaruhusiwi kumnyanyua mgeni. Kama kuna kunyanyua, ni nyinyi wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, mpimeni nyumbani. Chukueni gari dogo la saluni, lile la chini, siyo lile kubwa la familia. Mama akae kiti cha nyuma, afunge mlango, afungue, atoke. Arudie mara tatu mfululizo, wewe umesimama kando bila kumshika. Mtazame magoti: yanakunja vizuri akiwa amekaa, au anahitaji kunyoosha mguu mmoja? Michezo mingi ina chuma kinachoshuka mapajani, na goti lisilokunja halina pa kwenda. Halafu muweke mbele ya ngazi moja, apande na kushuka huku ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Akiyaweza yote mawili, sehemu kubwa ya bustani iko wazi kwake. Akishindwa kupanda ngazi, bado ana siku nzuri sana mbele yake, ila mnachagua michezo ya kuingia na kiti na mnawaambia wajukuu mapema, ili asijione kikwazo mbele ya mlango.

Sasa skuta au kiti. Kwa hali uliyoieleza, jibu langu ni skuta, mradi macho yake yanaona vizuri na sukari haimshuki ghafla. Kutwa moja kwenye bustani zile ni mwendo wa kilomita 10 na zaidi, na Julai joto la Orlando, mji wa karibu na bustani hizo, linafika nyuzi 33 na unyevu unaoujua mtu wa Tanga. Kumsukuma mtu mzima kwenye miinuko kwa saa nane katika hali hiyo kutakumaliza wewe, na yeye atakuona ukichoka, atasema "turudi nyumbani" wakati bado anataka kukaa. Skuta anaiendesha mwenyewe. Akitaka kusimama kutazama maua, anasimama. Palipo na foleni nyembamba au mashua, ahamie kiti cha kusukuma wanachompa pale. Kama macho yana ukungu au sukari inamshuka bila dalili, achana na skuta. Chukueni kiti cha kusukuma na mpokezane watu wawili.

Hiyo ya rafiki yako usiinunue kwa safari hii. Chukua volti, zidisha kwa Ah, yaani ampea-saa: 24 mara 20 ni 480, yaani wati-saa 480. Skuta za kukunja kwa kawaida betri yake huchomolewa, na kanuni za usafiri wa anga zinataka betri ya lithiamu ya namna hiyo itolewe, abiria aingie nayo ndani ya ndege, na isizidi wati-saa 300. Zikiwa betri mbili, kila moja isizidi 160. Ya 480 itawakwamisha uwanjani. Ingekuwa 24V 12Ah ungepata 288, ungepita. Ukija kumnunulia ya kwake siku moja ili arudi nayo Tanga, angalia na maandishi madogo kwenye chaja. Isomeke 100–240V, kwa sababu umeme wa Marekani ni volti 120 na wa nyumbani Tanzania ni kama 230. Chaja ya volti 120 pekee ukiichomeka Tanga inaungua hapo hapo.

Kuhusu chaji ya kutwa: umbali unaotajwa kwenye tangazo hupimwa barabara tambarare, mtu mwepesi, mwendo usiokatika. Kwenye umati ni kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, na kila kuondoka kunakula umeme mwingi kuliko kwenda. Mimi huwaambia watu wahesabu theluthi mbili ya kilichoandikwa, na betri ikiwa kuukuu, nusu. Skuta nyingi za kukodi zina betri za madini ya risasi zilizozibwa, ambazo zinataka usiku mzima kujaa. Ichomekeni mnapoingia hotelini, msingoje wakati wa kulala.

Kukodi kuna njia mbili. Ndani ya bustani zipo skuta na viti, ila huwezi kuweka oda, anayewahi ndiye anayepata, na skuta uliyokodi humo haitoki nje ya bustani ile. Maana yake mama atembee kutoka maegesho au kituo cha basi hadi getini, na ndiyo mita zake 200 zimekwisha kabla hajaona kitu. Njia ya pili ni kampuni za nje zinazoleta skuta hotelini, inakuwa yenu usiku na mchana. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Waulize kama lazima uwepo mwenyewe wakati wa kuipokea, inabeba uzito gani, na vipimo vyake. Lifti za mabasi Marekani kwa kawaida zimepimwa kwa kiti cha upana wa inchi 30 na urefu wa inchi 48, kama sentimita 76 kwa 122. Skuta kubwa za magurudumu manne zenye kiti kama sofa zinapendeza dukani, halafu zinabaki kituoni.

Hapa pa kuendesha nataka utulie usome polepole, maana ndipo watu wanapoumia. Skuta haina breki ya mguu. Mbele ya usukani kuna vibonyezo, mara nyingi cha kulia ni kwenda mbele na cha kushoto ni kurudi nyuma. Ukiachia, inasimama yenyewe. Mtu mgeni akishtuka, mtoto akikatiza mbele yake, mwili unamwambia akaze mikono, na kukaza mikono ndiyo kuongeza mwendo. Mafunzo ya kwanza kwa Bi Mkubwa yawe hayo tu: mwambie "achia!", naye afungue viganja. Fanyeni kwenye maegesho matupu mpaka mkono uzoee. Kwenye usukani kuna kitufe cha kuzungusha, upande mmoja kina picha ya kobe na mwingine sungura. Kwenye umati ibaki kwa kobe, na usiruhusu mjukuu aiguse.

Nyuma, karibu na gurudumu, kuna wenzo mdogo wa kuiachia skuta ili isukumwe kwa mikono. Wenzo huo ukishalegezwa, skuta haina breki yoyote. Usiulegeze kwenye mteremko, na usiulegeze mama akiwa amekaa juu yake. Skuta ikigoma kwenda wakati betri imejaa, angalia huo wenzo kabla hujapiga simu. Mara nyingi kuna mtu aliugusa akiipakia.

Kwenye Main Street, barabara kuu ya bustani yao iitwayo Magic Kingdom, kuna reli za gari la kukokotwa na farasi. Azikate moja kwa moja. Akizifuata mshazari, gurudumu dogo la mbele linazama kwenye mfereji wa reli na usukani unapinduka. Vivyo hivyo kwenye rampu: apande uso kwa uso na ashuke hivyo hivyo, asikate kona katikati ya mteremko, hasa skuta ikiwa ya magurudumu matatu.

Na nguo. Dera na baibui vinaburuzika, na pindo likiingia gurudumu la nyuma linavuta mtu mzima chini. Nimeona mtandio umejizungusha kwenye ekseli mpaka ukakatwa kwa mkasi. Avae suruali pana na gauni linaloishia magotini juu yake, au akikaa akunje dera apenyeze chini ya mapaja, na mtandio aufunge nyuma. Wajukuu wataomba wapakatwe. Hapana, hata mara moja. Skuta ni ya mtu mmoja kwa kanuni zao, na kiwiko cha mtoto kinafika moja kwa moja kwenye kibonyezo.

Foleni: si kweli, siku hizi. Foleni nyingi za Disney zimepanuliwa, mwenye kiti anapanga na wenzake. Pale ambapo njia ni ya zamani na haipitiki, atapewa mlango mwingine au saa ya kurudi inayolingana na kungoja kwa wengine. Ule mpango wao uitwao DAS, wa kumpa mtu saa ya kurudi badala ya kusimama kwenye foleni, walioubana mwaka 2024, umelengwa kwa watu wenye usonji na hali zinazofanana nayo, magoti hayamo. Atakayekuambia useme uongo ili uupate, usimsikilize, wakigundua wanamfungia mtu kabisa. Faida ya mama ni nyingine: wenzake watasimama saa nzima, yeye amekaa. Cheti cha daktari kuhusu skuta hahitaji, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya 1990 na kanuni zake haziruhusu mwenye bustani kumhoji mtu kwa nini anatumia kiti mwendo.

Sukari na joto vina mambo yake. Kila bustani ina kituo cha huduma ya kwanza chenye wauguzi, na dawa ya kuhifadhi kwenye baridi wanakuwekea. Karibu yake kuna choo kikubwa cha mtu na msaidizi wake, hata msaidizi akiwa mwanamume. Mwambie mumeo na kaka zako wajue, ili mama asijibane kwa kuona haya. Abebe mto wake mzuri wa kukalia, na kila nusu saa ainame mbele au asimame kidogo, kwa sababu mwenye sukari kidonda cha makalio kinaanza kabla hajasikia maumivu. Viatu vifunike vidole. Alasiri Julai mvua ya radi ni karibu kila siku: funika usukani wa skuta kwa mfuko wa plastiki, maji yakiingia humo skuta inazima.

Bustani ya kumpeleka kwanza ni Animal Kingdom. Humo wamejenga mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki unaoitwa Harambe, waliouiga kutoka Lamu, na mabango ya Kiswahili atayasoma mwenyewe. Ila njia zake zimetengenezwa kwa makusudi zionekane chakavu, zina mikwaruzo na mashimo madogo, na bustani nzima ina miinuko. Mwendo wa kobe. Gari la Kilimanjaro Safaris lina nafasi ya kiti mwendo, lakini linarusha, kwa hiyo akilalamika kiuno asilipande mara ya pili.

Kuhusu kukataa kwake: usimwambie ni mgonjwa, wala usimwambie si mgonjwa. Mwambie huko ndani mwendo ni kama wa kuizunguka Chumbageni ya Tanga mara kadhaa juani, na wewe unataka awe naye mjukuu hadi fataki za usiku. Mwache aijaribu peke yake siku moja hotelini, bila hadhira na bila simu za kupiga picha. Wazee wengi ninaowafundisha hukataa kusukumwa, ila kuendesha wenyewe hawakatai.

Mkiamua kuongeza siku ya Universal, bustani za kampuni nyingine hapo hapo Orlando, jua kwamba michezo yao mingi inataka mtu ahame kiti, na kwenye foleni kadhaa skuta haiingii, anapewa kiti cha kusukuma mlangoni. Lile jaribio la gari la saluni likimshinda, siku hiyo mwongezeeni Animal Kingdom.