Amenisingizia fedha za kikundi, nami naambiwa "neema imefunika"

"Shangazi, mimi ni mweka hazina wa kikundi cha maombi kanisani kwetu. Dada mmoja alisema mbele ya wote kwamba nimekula michango. Si kweli. Sasa kikundi kina pande mbili, na mzee wa kanisa ananiambia, 'Neema imefunika, nyamaza yaishe.' Nimesamehe kwa mdomo tu, na Meza ya Bwana nimeacha kushiriki. Nifanyeje?"

Pole sana, mwanangu. Kusingiziwa wizi na mtu unayeomba naye kunauma.

Mzee wako anatamani amani, lakini hapo amekosea. Neema haikuamuru kunyamaza. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Basi wewe na huyo dada mnasimama mbele za Mungu kwa msingi mmoja, na ndiyo maana unaweza kumsamehe kabla hajaomba radhi. Kupatana ni jambo jingine: kunataka watu wawili, na kunataka ukweli.

Fuata Mathayo 18:15-17 kwa mpangilio wake. Kwanza mwendee, wewe na yeye peke yenu, ana kwa ana. Usitume ujumbe wa simu. Utasomwa kwa hasira ambayo hukuiandika, kisha utasambazwa. Zungumzia tukio hilo moja, usifukue ya miaka iliyopita. Asiposikia, rudi na mmoja au wawili. Wengi huharibia hapa, kwa sababu huchukua marafiki zao. Chukua mtu ambaye yeye pia anamheshimu. Paulo alipowaandikia Wafilipi kuhusu Euodia na Sintike, wanawake wawili wasiopatana (Wafilipi 4:2-3), alimsihi kila mmoja kwa jina lake, bila kuchukua upande, kisha akamwomba mtu wa tatu awasaidie. Kanisa huja mwisho. Kulipeleka jambo hili kwanza kwenye "ombi la maombi" ni kusengenya, hata mkiwa mmefumba macho.

Kuhusu fedha, omba hesabu zikaguliwe na watu wawili wasiohusika, kisha zisomwe mbele ya kikundi kizima, maana ulituhumiwa mbele ya kikundi kizima. Huko si kukosa imani. Paulo mwenyewe alipeleka changizo pamoja na ndugu wengine ili mtu asije akamlaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Tangu sasa, fedha zihesabiwe na wawili kila mara.

Meza ya Bwana usiikimbie. 1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji, na hivyo aule mkate; haisemi ajihoji kisha abaki nje. Ungama uchungu wako, nenda ukamtafute huyo dada, halafu urudi mezani.

Akikataa hatua zote, Warumi 12:18 inakupa mpaka: mkae katika amani na watu wote, ila "kwa upande wenu." Endelea kumsalimu na kumwombea, ila huna deni la kumwamini haraka. Na watu wa pande zote mbili wakikuletea maneno yake, waulize: "Umeshamwambia yeye mwenyewe?" Asiyejibu ndiyo, usimsikilize zaidi.