Kirusi kimoja, jenotipu tofauti
Umeuliza, ndugu, kama hepatitisi B ya hapa Nairobi ni ileile ya Guangzhou unakoenda kununua mzigo. Kirusi ni kimoja ila jenotipu, yaani aina zake za kijeni zinazopewa herufi, zinatofautiana. Kwetu A ndiyo imetawala, hasa tawi lake la A1, ingawa D na E nazo huonekana. China ni B na C. Ngome ya E ni Afrika Magharibi. F na H ni za Amerika. Usihangaike kutafuta chanjo ya “aina ya kule”, hiyohiyo inakinga zote, na watoto wetu huipata ndani ya pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Jenotipu humhusu zaidi daktari anayefikiria intaferoni, dawa mojawapo ya kutibu hepatitisi B, maana A huitikia vizuri kuliko D. Wewe kapime kwanza, halafu uchanjwe.