Nauli imepanda, basi ni lile lile

SWALI: Shikamoo mzee. Nauli ya njia yetu imepandishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kila mara tunaambiwa gharama za uendeshaji zimepanda. Sikatai, hata mimi dukani naona. Lakini basi ni lile lile, kiti kimechanika pale pale, na jioni nasimama kituoni karibu saa nzima, kisha yanakuja mabasi matatu yamefuatana. Ikiwa tunalipa zaidi, mbona hatupati zaidi?
*Mama wa watoto wawili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo mabasi matatu yanayofuatana nayajua, maana nimewahi kuning'inia mlangoni mwa mojawapo. Nilikuwa kondakta miaka tisa, kisha nikahamishiwa ofisini kushika daftari la mapato na matumizi mpaka nikastaafu. Kwa hiyo nitakujibu kwanza kama mtu wa mlangoni, halafu kama mtu wa mezani.

Usiku, basi likishaegeshwa, mimi na dereva tulikuwa tunakaa kiti cha nyuma tukipanga noti mafungu matatu. La kwanza la mafuta, tanki lirudi pale tulipolikuta alfajiri. La pili hesabu ya tajiri, kiasi kile kile kila siku, mvua inyeshe au barabara ifungwe. La tatu ni kilichobaki, na hicho ndicho kilikuwa mshahara wetu. Siku nyingi ilifika saa kumi jioni tukijua fungu la tatu halina kitu. Hapo tulianza kufanya yale unayoyalalamikia. Tunaganda kituo cha mwanzo injini ikinguruma mpaka viti vyote vijae. Tunampita mzee aliyesimama peke yake kwenye kituo kidogo. Tunawaacha wanafunzi kwa sababu wanalipa nusu. Tukiliona basi la wenzetu mbele, dereva anakanyaga mafuta tuwahi abiria wa kituo kinachofuata. Nyuso za baadhi ya wanafunzi wale bado ninazo kichwani. Lakini tulikuwa tunalipwa kwa kichwa cha abiria, na kila tulichofanya kilitoka humo.

Sasa pandisha nauli katika mpango huo uone. Wiki ya kwanza fungu la tatu linanenepa. Habari zinamfikia tajiri, naye anapandisha hesabu. Mwezi haujaisha, dereva na kondakta wako pale pale walipokuwa, wanakimbizana vile vile. Noti yako ya ziada imepita mikono mitatu, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kuigeuza kuwa kiti kipya au basi la saa tatu usiku. Ndiyo maana hupati zaidi.

Gharama zenyewe, hata hivyo, si uongo. Nilipokaa mezani niliziona zote: dizeli, matairi, breki, bima, mkopo wa basi, mishahara. Ila ipo moja ambayo abiria haioni kabisa, nayo ni foleni. Chukua njia ambayo basi linakwenda na kurudi kwa dakika 60. Ukitaka basi lipite kila baada ya dakika 10, unahitaji mabasi 6. Foleni ikiongezeka, safari ile ile ikachukua dakika 90, unahitaji mabasi 9 ili abiria waendelee kuliona basi kila dakika 10. Ni mabasi 3 zaidi, na madereva wao, na mafuta yanayoungua yamesimama, kwa abiria wale wale na nauli ile ile. Mwenye mabasi asiyeweza kuongeza hayo matatu anabaki na sita, nawe unasubiri dakika 15. Kwa hiyo njia maalumu ya mabasi barabarani inapunguza gharama kuliko maneno mengi yanayosemwa kuhusu bei ya mafuta, na inashangaza jinsi inavyotajwa kwa nadra pale nauli inapojadiliwa.

Na yale matatu yanayofuatana? Si mbio tu. Basi likichelewa kidogo linakuta watu wengi kituoni, linapakia kwa muda mrefu, linachelewa zaidi. La nyuma yake linakuta watu wachache, linapaa, linalifikia. Hata madereva wawe waungwana namna gani, yatagandana, mpaka awepo mtu njiani wa kumwambia dereva wa nyuma, "Subiri dakika nne." Lakini dereva anayelipwa kwa kichwa hawezi kusubiri. Dakika nne zile ni abiria wake.

Bogotá, kule Kolombia, mbio hizi walizipa jina: vita vya senti. Mwaka 2000 walipofungua TransMilenio, mabasi yenye njia zake yenyewe, kampuni za njia kuu zilianza kulipwa kwa kilomita zilizotembea. Dereva akawa hana sababu ya kugombania mtu kituoni. Lakini usidhani kubadili malipo peke yake kunatosha. Santiago ya Chile, Februari 2007, walibadili mfumo mzima kwa siku moja. Mikataba ya mwanzo iliwahakikishia wenye mabasi sehemu kubwa ya mapato yao, abiria wawe wengi au wachache. Mabasi yakawa haba, watu wakafurika vituoni, na Rais Michelle Bachelet ikambidi awaombe radhi wananchi. Ukilipa kwa kichwa, watakimbizana. Ukilipa bila kuhesabu kazi, watalala. Panahitajika mchanganyiko, na mtu wa kuhesabu kila siku kama basi lilitoka na kama lilipita kwa wakati.

Kwa hiyo watakapowaita tena kutoa maoni kuhusu nauli, mwanangu, usiulize tu inapanda kwa kiasi gani. Uliza dereva analipwaje. Uliza ni mabasi mangapi yanapaswa kupita baada ya saa mbili usiku, na nani ataadhibiwa yasipopita. Omba hayo yaandikwe ukurasa ule ule unaoandikwa nauli mpya.

SWALI: Kwa nini mabasi yasiwe bure tu, kama tunavyosikia nchi nyingine?
*Mwanafunzi wa chuo*

JIBU: Yapo yaliyo bure, kijana wangu. Luxembourg wamefuta nauli nchi nzima tangu 2020, lakini kule nauli ilikuwa inalipia chini ya moja ya kumi ya gharama. Serikali ilikuwa tayari inabeba karibu mzigo wote. Mji wa Hasselt, Ubelgiji, ulianza mabasi ya bure mwaka 1997, na baada ya zaidi ya miaka 15 ukarudisha nauli kwa sababu ya gharama. Pale ambapo nauli ndiyo inayonunua dizeli ya kesho, ukiifuta bila kuweka fedha nyingine mahali pake, kesho kutwa basi halitoki. Binafsi ningeanza na wanafunzi na wazee, na nusu wasiyolipa ilipwe na mfuko wa umma. Leo nusu hiyo anaibeba kondakta, naye analipiza kwa kuwaacha kituoni.

SWALI: Mzee, mimi nina mabasi mawili. Nauli imezuiwa isipande, vipuri havishikiki. Kila mtu anamwandikia mwenye basi kwa hasira. Nifanye nini?
*Mwenye mabasi*

JIBU: Ndugu yangu, shida yako ni ya kweli. Nauli ikizuiwa huku gharama zinapanda, mtu atapunguza kitu mahali fulani, na daftari langu lilinionyesha ni wapi. Mafuta hayapunguzwi, basi litasimama. Mkopo haupunguzwi, benki watalichukua. Safu iliyoanza kuwa tupu siku zote ilikuwa ya matengenezo. Mwezi mmoja hakuna bitana za breki, mwezi wa pili tairi la mbele linahamishiwa nyuma, mwezi wa tatu fundi hajaandikwa kabisa. Kwa macho ya abiria basi linaonekana kama jana.

Matengenezo yako yaweke katika fungu la kwanza, pamoja na mafuta, kabla ya hesabu yako mwenyewe. Chukua daftari lenye safu hiyo, liwe na tarehe na risiti, uende nalo kwa wanaopanga nauli. Mwenye risiti za breki anasikilizwa tofauti na mwenye malalamiko. Na asubuhi dereva akikuambia pedali inazama, libakize basi uwani siku hiyo, na siku hiyo usimdai hesabu.